Kufunga GPS kwenye pikipiki yenye betri ya ampea tano: niliyojifunza njia za Sikonge

Wafuga nyuki wa huku kwetu hawaweki mizinga kando ya barabara. Unatoka Tabora mjini, unapita Sikonge, unapita Ipole, halafu unaacha lami unaingia msituni na huko ndani miombo ni ile ile kilomita na kilomita, myombo, mtundu, mninga, vijinjia vya baiskeli vinagawanyika kila hatua na vingi vinaishia kwenye kambi iliyohamwa au kwenye mbuga ambayo masika inajaa maji yote. Kazi yangu ni kununua asali na nta, kwa hiyo msimu wa kurina nashinda humo humo kutoka kambi moja hadi nyingine, wazee wenyewe wanaijua misitu yao kwa kichwa lakini mimi mtoto wa Ng'ambo ya mjini nahitaji kitu cha kuniambia kambi ya fulani iko upande gani na zimebaki kilomita ngapi. Ndo GPS ilivyoingia kwenye kazi yangu.

Mwanzo nilikuwa na ile ya mkononi, Garmin eTrex, wanayotumia sana maafisa misitu na wapima ardhi, inakula betri mbili ndogo zile za AA. Kwa kutembea kwa mguu ni nzuri mno. Kwenye pikipiki kioo chake kidogo hukisomi ukiwa kwenye mwendo, na betri za maduka ya kijijini nyingi zimekaa juani muda mrefu, unaweka asubuhi mchana zimekata. Simu nayo nimeitumia. Watu wengi wanadhani simu bila mtandao GPS haifanyi kazi, sio kweli, GPS inasikiliza satelaiti zilizo juu kama kilomita 20,200 na ikizipata nne inajua ulipo, haihitaji bando wala mnara, wewe uwe tu umeshaishusha ramani kabla hujatoka mjini. Tatizo la simu ni jua na mtikisiko. Jua la Oktoba la Tabora mnalijua, simu iko kwenye usukani inachaji huku kioo kinawaka muda wote, inapata moto inajizima yenyewe. Na mtikisiko wa injini unaua kamera, hilo Apple wenyewe walilitolea tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa pikipiki kubwa ukipitia kwenye usukani unaweza kuharibu kamera za iPhone, na hata kwa pikipiki ndogo wakashauri uweke kishikio chenye kupunguza mtikisiko.

Kaka yangu wa Dar akanipatia Garmin Zumo iliyotumika. Hii imetengenezwa kwa ajili ya pikipiki, kiwango chake cha maji ni IPX7 yaani inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, kioo unakigusa hata ukiwa na glavu, na inakuja na kitako cha kufunga kwenye usukani ambacho waya wake unaishia na ncha mbili tupu, nyekundu na nyeusi. Ramani nikaweka zile za bure zinazotokana na OpenStreetMap kwenye memori kadi, na juu yake nikaanza kuhifadhi pointi zangu mwenyewe za kambi, visima na vivuko.

Nitaongelea zaidi upande wa umeme, maana kukitumia kifaa chenyewe mtoto wa darasa la tano anaweza. Kukipa umeme kutoka kwenye pikipiki ndogo bila kuharibu kitu kingine, hapo ndo watu wanapolia, na mimi nimeona vifaa vya hela nyingi vikifa huku kwa sababu ya waya wa shilingi mia tano.

Kabla sijakata hata waya mmoja nilitaka kujua Honda yangu inazalisha nini. Ni ya cc 125, ina stata na kiki, betri imeandikwa 12V 5Ah, yaani volti 12 na ampea-saa tano, ndo hiyo mafundi wanaiita ya ampea tano. Nikachukua mita nikaiweka kwenye betri asubuhi injini ikiwa imelala, ikasoma 12.6, hiyo ni betri iliyojaa vizuri. Nikabonyeza stata huku naangalia, ikashuka mpaka kumi na pointi halafu injini ilipowaka ikapanda. Kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila kuvuta mafuta, taa kubwa ikiwa imewashwa, ilikuwa inacheza kwenye 12.8, nikivuta mafuta kidogo inapanda mpaka 14.1 na hapo inagoma kupanda zaidi hata nikiongeza. Hiyo kugoma ndo unachokitaka, maana yake rektifaya inafanya kazi yake ya kudhibiti. Magineti inatoa umeme unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, rektifaya inaugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja na kuuzuia usivuke kama 14.5 hivi. Ukiona mita inakwenda 15, 16 na zaidi, acha kabisa habari ya GPS, katengeneze kwanza rektifaya, kwa sababu utachemsha betri na kuua kila kitu utakachounga.

Hesabu yake ni nyepesi, wati ni volti mara ampea. Zumo inakula kama nusu ampea, yaani wati sita. Taa ya mbele 35, ya nyuma 5, ukikanyaga breki 21 zinaongezeka, indiketa mbili za wati kumi kumi. Pikipiki ndogo haina umeme wa kumwaga. Wati sita kwenye mwendo hazina shida, lakini ukiizima injini ukaacha GPS inawaka huku unapima asali na kupiga stori na wazee, ile nusu ampea inakula betri ya ampea tano, na betri haihitaji kuisha yote ndo stata igome, ikifika nusu tu ukibonyeza unasikia tik tik tik basi. Kwa hiyo swali la kwanza kwangu halikuwa waya gani naunga wapi, lilikuwa nitahakikishaje kwamba nikitoa funguo kila kitu kimekufa.

Jamaa yangu mmoja wa upande wa Uvinza, anayeendesha pikipiki ya mradi, alifungiwa GPS yake na fundi kwa kuungia kwenye waya wa taa kubwa. Kwa kuangalia haraka inaonekana ni akili, taa ikiwaka GPS inawaka, taa ikizima nayo inazima. Ila kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haichukui umeme kwenye betri, inachukua moja kwa moja kwenye magineti, na ule ni umeme wa AC, ule unaobadilika upande kila wakati. Utaujua kwa macho tu, ukiwa kwenye sailensi taa inafifia na ukivuta mafuta inang'aa, na ukiwasha funguo bila injini taa haiwaki kabisa. Kifaa kinachotaka DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, ukikiunga hapo, bahati nzuri hakitachaji, bahati mbaya kitaungua, na cha kwake kiliungua, hakikufika hata Malagarasi. Iliniuma sana ile kwa sababu alikuwa amejinyima kukinunua na dakika mbili za mita zingemwokoa, unaweka mita kwenye DC, haisomi cha maana, unageuza kwenye AC inasoma kumi na kitu, umeshajua.

Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja fundi umeme wa pikipiki hapa mjini, anafanyia kazi chini ya mwembe, ni mtu mzima wa makamo ya baba yangu na nimejifunza kwake mengi kuliko sehemu yoyote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Honda imefanyaje tena?"

"Haijafanya kitu mzee, nataka tuifungie hii."

Akakigeuza geuza kitako, akasoma maandishi ya nyuma kwa miwani, akataka kujua kinaingiza volti ngapi, maana kuna vifaa vya Garmin ambavyo vinapokea umeme wa pikipiki moja kwa moja kwenye kitako na kuna vingine vinataka volti 5 tu kama simu, hivyo lazima viwekewe kibadilishaji cha kushusha 12 kuja 5. Ukichanganya hapo umekwisha. Cha kwangu kilikuwa cha kupokea moja kwa moja. Halafu akafungua siti, akaniambia nionyeshe waya wa ethi, yaani ule wa hasi, wa kurudisha umeme betri. Nikanyoosha kidole kwenye wa kijani. Akasema sawa, kwa Honda. Akaniita kwenye Yamaha ya mteja mwingine iliyokuwa imeegeshwa pale, akaniuliza hapa je? Akanieleza kwamba Honda kijani ni ethi, nyekundu inatoka betri muda wote, na mweusi ni chanya inayokuja ukiwasha funguo. Kwa Yamaha mweusi ndo ethi yenyewe, na chanya ya funguo ni ya kahawia. Yaani waya mweusi huu huu, kwenye pikipiki moja unaweka hasi, kwenye nyingine ukiweka hasi umepiga shoti.

"Na za Kichina mzee?"

"Nyingi zimefuata Honda, ila ikishapita mikononi mwa mafundi wanne watano ndani unakuta waya wa redio, waya wa simu za kizamani. Rangi usiiamini mwanangu, iulize testa."

Sasa alivyoifunga, na huu mpango nimewaambia watu wengi na sijaona unaoushinda. Umeme wa GPS unatoka kwenye betri yenyewe, sio kwenye waya wa kitu kingine. Kutoka chanya ya betri unatoka waya mwekundu mpya, wa milimita mraba moja, ndani ya upana wa kiganja kutoka kwenye betri inakaa fyuzi, halafu waya unaingia kwenye rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme badala ya kidole, mguu namba 30. Mguu namba 87 unatoka waya kwenda kwenye GPS. Mguu 85 unakwenda ethi. Mguu 86 unapewa umeme na funguo, na sisi tulichukua kwenye ule waya mweusi unaolisha swichi ya breki ya nyuma kwa sababu uko pale pale chini ya siti karibu na betri, huna haja ya kufukua taa ya mbele. Ukiwasha funguo, umeme mdogo sana, kama 0.15 ya ampea, unaamsha rilei, tak, unaisikia, na rilei inafungulia GPS umeme mzima kutoka betri. Ukitoa funguo, tak, kumekufa.

Kuna watu wananiambia sasa rilei ya nini kwa kifaa cha nusu ampea, si uunge tu kwenye ule mweusi wa breki uishie hapo. Inawezekana, na itafanya kazi. Ila ule waya tayari unalisha vitu vingi na umri wake unaujua mwenyewe, fyuzi yake ni ya pikipiki nzima, siku GPS au waya wake ukipiga shoti fyuzi kuu inakata na uko porini pikipiki haina honi, haina indiketa wala taa ya breki, na kwenye baadhi ya pikipiki injini nayo haiwaki. Kwa rilei na fyuzi yake peke yake, GPS ikipata matatizo inakufa peke yake na wewe unaendelea na safari. Hilo tu linatosha kulipia rilei.

Angalieni na miguu ya rilei, za miguu mitano zina namba 87a katikati, ule mguu una umeme rilei ikiwa imelala. Ukiunga GPS pale itakuwa inawaka funguo ikiwa imezimwa, kinyume chake kabisa, na asubuhi betri hamna kitu.

Kwenye fyuzi naomba niseme kwa herufi kubwa hata kama sizipendi. FYUZI INALINDA WAYA, kifaa kinafuata baadaye. Waya ukichubuka chini ya tangi ukagusa bodi bila fyuzi, betri ndogo kama ya kwangu inao uwezo wa kuufanya waya uwe mwekundu wa moto, na hapo juu yake kuna lita kumi na kitu za petroli. Ndo maana inakaa karibu kabisa na betri, sio karibu na usukani kama wengine wanavyoweka, kwa sababu kipande chote kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Tuliweka ya ampea 2. Na ule mtindo wa kuvirigisha karatasi ya sigara au uzi mmoja wa waya kwenye fyuzi iliyokata nimeuona kwenye pikipiki nyingi sana za huku, jamani, fyuzi mpya bei yake haifiki hata ya soda.

Kuunganisha waya ndo sehemu nyingine niliyobishana nayo na watu. Wengi wanapotosha waya kwa mkono na kuvirigisha tepu nyeusi. Tepu hiyo kwa joto letu gundi inayeyuka, inateleza, baada ya msimu mmoja waya uko wazi. Wengine wanalehemu kwa risasi, na kwa redio ya nyumbani ni sawa, ila kwenye pikipiki risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu, na pale ngumu inapokutana na laini ndipo mtikisiko unapokatia. Mzee anatumia viungio vya kubana na koleo lake maalumu, halafu juu yake anavalisha ule mpira mwembamba unaosinyaa ukiupasha moto, na waya wenyewe anaubana mbali kidogo na kiungio ili usicheze pale pale. Kila alichobana alikivuta kwa mkono kwa nguvu. Kimoja kikachomoka, akakikata akarudia bila kusema neno.

Njia ya waya ilifuata wairingi ya pikipiki yenyewe chini ya tangi, mbali na sairensa na mbali na waya wa plagi, kila baada ya hatua kidogo kebo tai. Pale shingoni usukani unapogeukia tuliacha ulegevu. Halafu nikaambiwa niwashe injini na nigeuze usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, polepole, nisikilize. Kama sauti ya injini inapanda ukigeuza, ujue waya wako unavuta kebo ya mafuta. Kama GPS inazima, waya unabanwa. Hamna kilichotokea, tukafunga tangi.

Ilikwenda vizuri muda mrefu. Masika ilipokolea, nikiwa njia ya kwenda Koga, kifaa kikaanza kuandika kwamba umeme wa nje umekatika na kuanza kuhesabu kijizime, nagusa kioo kinaendelea, baada ya dakika kinaandika tena. Betri yake ya ndani ilikuwa inakibeba lakini haikuwa ya kudumu siku nzima. Nikasimama chini ya mti, mvua ya rasharasha, mita huwa natembea nayo. Betri 12.7. Mguu 30 wa rilei 12.7, mguu 87 hivyo hivyo. Upande wa chanya uko safi mpaka mwisho. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye kikonyo cha ethi ya GPS, ambacho kilikuwa kimefungwa na bolti kwenye chesisi, mahali ambapo mita ingetakiwa isome sifuri. Ilisoma 1.3, nikitikisa waya inaruka mpaka 3 inarudi.

Hapo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nakisikia tu. Tunapigana sana na waya mwekundu, waya wa kurudi tunauona kama hauna maana, tunaufunga popote penye chuma. Chesisi ina rangi, chini ya rangi ikipata maji na vumbi inaota kutu, na kutu inazuia umeme kama uchafu kwenye bomba. Nusu ampea kupoteza volti 1.3 maana yake kuna ukinzani wa karibu omu 2.6 kwenye kiungo ambacho kingetakiwa kiwe sifuri, na kikitikisika kinaachia kabisa. Betri nzima, fyuzi nzima, rilei nzima, na kifaa kinakufa kwa ajili ya bolti moja. Nikafungua kwa spana namba 10, nikakuta pale chini kikonyo kimekuwa cha kahawia chote. Sikukikwangua, nilirefusha waya mweusi nikaupeleka mpaka hasi ya betri yenyewe. Tangu siku ile ethi ya kifaa chochote chenye akili naipeleka kwenye betri, na za rilei na mataa zikae kwenye chesisi kama wanavyotaka.

Wenye pikipiki zinazolala muda mrefu, pimeni umeme unaoibiwa usiku. Unazima funguo, unatoa hasi ya betri, unaweka mita kwenye miliampea katikati ya hasi na waya wake, unasoma, ila usiguse stata mita ikiwa pale, utaiua. Ya kwangu inasoma sifuri, kwa sababu rilei imekata kila kitu. Boda mmoja pale stendi alikuwa na kile kitundu cha kuchajia simu kilichoungwa dairekti kwenye betri, chenye kijitaa cha bluu kinachoonyesha volti, anasema kila akisafiri siku kadhaa akirudi pikipiki haiwaki kwa stata. Tukapima, miliampea 20. Inaonekana si kitu, lakini 20 mara saa 24 ni karibu nusu ampea-saa kwa siku, na kwa betri ya 5Ah siku kumi imeisha kabisa, na stata inagoma mapema zaidi ya hapo. Alikuwa ameshanunua betri mpya kwa ajili ya kijitaa cha bluu.

Kuhusu usahihi wa GPS yenyewe watu wananiuliza sana. Sehemu ya wazi inakosea mita chache tu, tatu mpaka tano. Chini ya majani mazito ya masika inayumba zaidi, na ukiwa umesimama utaona mshale unazunguka zunguka, hiyo ni kawaida, tembea kidogo inatulia. Wazee waliofanya upimaji zamani watakumbuka kwamba Wamarekani walikuwa wanaichafua makusudi kwa raia, usahihi ulikuwa kama mita mia, wakaacha Mei 2000. Mita mia kwenye miombo humuoni mtu. Sisi wa sasa tuna bahati.

Kitu ambacho sikukiona kwa mtu mwingine yeyote ni sisimizi. Asali ikidondoka kwenye kitako, hata tone moja kutoka kwenye mkono wako wakati unachomoa kifaa, inashika vumbi na inaleta sisimizi, wanaingia kwenye zile pini za kuchajia. Kambini sasa nachomoa kifaa kwa mkono uliooshwa, pini nafunika na kipande cha mpira wa tyubu. Na nachomoa kila nikisimama mahali penye watu, kitako peke yake hakina wa kukiiba.

Mwaka huu nimeongeza kitundu cha USB kwenye rilei ile ile, kwa ajili ya mizani ya digitali ya kupimia asali, maana wafugaji wana haki ya kuona namba ikiwaka na mizani iliyoisha chaji kambini inaleta maneno yasiyo na sababu. Mizani inakula kidogo sana, ila najua siku moja nitachomeka simu pale na simu inaweza kuvuta karibu ampea moja upande wa 12V, ukijumlisha na GPS ni moja na nusu, hivyo ile fyuzi ya 2 ingekuwa inafanya kazi karibu na mwisho wake. Nimeweka ya 3, waya ule wa milimita moja unaihimili bila shida, na za akiba nimezibandika kwa tepu chini ya siti pamoja na kikaratasi cha mchoro wa miguu ya rilei, ili fundi yeyote atakayeifungua Inyonga au popote asianze kubahatisha.